Duara la Penseli

Machi, Parainen. Theluji yafika magotini,
na mashua zimepandishwa nchi kavu, zimefunikwa maturubai
kama wagonjwa waliogeukia ukuta.
Nimekuja na bisibisi yenye mpini wa mti
na masikio yangu tu.
Miaka thelathini na mmoja nimesawazisha piano za watu:
nakijua kisemacho kweli kikigongwa,
na kinachojibaraguza.

Ya kwanza ilinichekea kwa vanishi.
Mito ya mahameli, saa ya shaba, vikombe kwenye kulabu.
Nikagonga sitaha: ko, ko, ko,
halafu, chini ya ule urembo wote, pu.
Mbao iliyolowa haina mwangwi.
Dalali akaongeza sauti ya redio.

Ya pili, futi thelathini na nane,
ina friji, ina bafu, ina kitanda cha maharusi.
"Mama, humu utasimama wima!" akasema Kerttu mwanangu,
ambaye gari lake bado analilipia benki.
Nikapiga hesabu: gati hulipwa kwa urefu,
tanga kwa upana, rangi kwa tumbo,
na mkono wa kuvuta demani usiku ni huu mmoja,
wenye baridi yabisi ya kidole gumba.
Kikubwa hakikosi la kukutuma.
Nikashuka ngazi.

Ya tatu ni Hertta. Futi ishirini na saba,
aliundwa mwaka niliojifunza kuendesha baiskeli.
Mwenyewe, Torsten Holmqvist,
hakunitajia uzuri wake hata mmoja.
Alisema: dirisha la kushoto linavuja, juu ya mto kabisa.
Alisema: injini hukohoa mara tatu ndipo ikubali.
Alisema: humo ndani utainama, utainama hadi uzoee,
mimi sikuzoea.
Akanyamaza, akapangusa theluji kwa glavu.

Nikagonga. Omo hadi tezi nikagonga,
naye akinifuata kama mzazi nyuma ya daktari.
Ko. Ko. Ko.
Karibu na mlingoti, upana wa kiganja: pu.
Nikainama nione.
Palikuwa na duara la penseli, lilizungushwa zamani,
na tarehe pembeni, kwa mwandiko wa shule.
Alikuwa amepagonga kabla yangu.
Hakupapaka rangi.

Nikalipa siku hiyohiyo.

Piano yangu nikawauzia watu wa kanisa la Nauvo;
vyumba vitatu vikaingia makasha manne.
Wanaodhani mashua ni uhuru waje Mei
walale chali chini ya mkuku,
unga wa rangi kuukuu ukiwaingia machoni;
waje wanunue skrubu moja ya chuma kisichoshika kutu
kwa bei ya chakula cha mchana.
Uhuru ulikuja, ila ulichelewa, na mikono michafu:
Julai, kati ya visiwa viwili vya misonobari,
injini imezimwa, tanga limejaa,
maji yakinong'ona ubavuni jambo dogo lisilo na mwisho.

Usiku kamba hugonga mlingoti.
Ni la, imeshuka kidogo.
Usiku wa kwanza nilitoka na nguo ya kulalia, nikaikaza.
Sasa naiacha.

Agosti, Holmqvist alikuja gatini,
mikono nyuma, kama mtu apitaye tu.
Nikamkaribisha kahawa. Akakataa kupanda.
Akaweka kiganja ubavuni mwa Hertta, akakiacha hapo.
"Dirisha," akasema, "bado linavuja?"

Nilikwisha kulikalafati tangu Juni;
tone halijaingia, hata kwa ile dhoruba ya Jumanne.

"Bado," nikamwambia. "Juu ya mto kabisa."

Akacheka mpaka kofia ikamkaa upande.